Mambo ya Elimu: Nani Atengeneze Paa la Shule?

Watu wa Kiptere waijua mvua. Kijiji chao kipo upande wa Kericho unaoteremka kuelekea Sondu, na nchi ya Kericho ni mashuhuri ulimwenguni kwa mvua ya mawe, hata katika miaka ya 1960 ndege zilirushwa juu ya mashamba ya chai kujaribu kuizuia. Mawe yakiharibu majani ya chai, majani huchipua tena. Mabati ya shule yaliyokwisha kuliwa na kutu hayachipui.

Yafaa basi wazazi wafahamu fedha za kutengeneza majengo mabovu hutoka wapi, kwani wengi hupeleka maombi mahali pasipo pake, wakarudi mikono mitupu na kunung'unika kwamba Serikali haisikii.

Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, Serikali iliweka Shs. 1,020/- kwa kila mtoto kwa mwaka. Shs. 650/- zilikuwa za vitabu na vifaa, na Shs. 370/- za kuendesha shule. Katika hizo za pili, Shs. 127/- tu ndizo zilizotengwa kwa matengenezo. Shule ya watoto 300 ilipata hivyo Shs. 38,100/- kwa mwaka mzima. Kwa fedha hizo fundi aweza kutia vioo, kitasa na mabati machache. Ukuta uliopasuka toka juu hadi msingi hautengenezwi kwa Shs. 38,100/-. Tena mwaka ule ule idadi ya watoto ilipanda toka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2, nao wakaketi katika madarasa yale yale.

Mlango mkubwa zaidi ni ule mfuko wa maendeleo wa majimbo, ulioanzishwa mwaka 2003 na kutungiwa sheria mpya mwaka 2015. Kiptere imo katika jimbo la Soin/Sigowet. Halmashauri ya shule huandika maombi pamoja na kumbukumbu za mkutano wake, afisa wa ujenzi hupima na kukadiria gharama, kisha kamati ya jimbo huamua. Sheria ya 2015 iliagiza pia asilimia 5 ya fedha iwekwe akiba kwa ajili ya dharura.

Hapa pana jambo la kufikiriwa sana. Dharura, kwa maana ya sheria hiyo, ni haja ya haraka ambayo haikutazamiwa. Upepo ukiezua paa usiku mmoja, hiyo ni dharura. Lakini mchwa aliyekula nguzo pole pole miaka kumi, huku kila mwalimu akimwona, si dharura hata kidogo. Shule iliyoharibika kwa ghafula hupata msaada upesi kuliko ile inayooza kidogo kidogo, ingawa nguzo iliyooza huua vile vile. Wala si rahisi kumpata kiongozi wa kukata utepe mbele ya nguzo iliyobadilishwa. Darasa jipya lina sherehe, matengenezo hayana.

Fumbo jingine limo uani. Kwa Katiba ya 2010, chekechea ni kazi ya kaunti, na darasa la kwanza na kuendelea ni kazi ya Serikali kuu. Majengo mawili yaliyotenganishwa na hatua ishirini yana mabwana wawili, na barua iliyopelekwa kwa bwana asiye wake hukaa mezani.

Asidhani mtu kwamba hayo ni makaratasi tu. Tarehe 23 Septemba 2019 darasa la shule moja ya binafsi huko Dagoretti, Nairobi, liliporomoka asubuhi na watoto 8 wakafa. Tarehe 3 Februari 2020, katika shule ya msingi ya Kakamega, watoto 14 walikufa kwa kukanyagana ngazini walipokuwa wakitoka kwenda nyumbani. Mwongozo wa usalama wa shule ulikuwa umekwisha tolewa na Wizara ya Elimu tangu mwaka 2008, nao wataka milango ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma.

Mfuko wenyewe nao uliingia mashakani. Mwezi wa Septemba 2024 Mahakama Kuu ilihukumu kwamba sheria ya 2015 yapingana na Katiba, ikataja tarehe 30 Juni 2026 kuwa mwisho wake, na Bunge likakata rufani.

Halmashauri za shule za Kiptere na zitazame pia kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na mvua kubwa za Kericho hunyesha Aprili na Mei. Ombi linaloandikwa baada ya paa kuvuja Aprili limekwisha chelewa kwa mvua ile, na fundi asipopatikana kabla ya Machi, litachelewa na kwa mvua ya pili.