Sanaa ya Bure Mjini na Wajibu wa Chuo Kikuu

Imekuwa desturi katika miji yetu kwamba mwenye hamu ya kutazama mchezo wa kuigiza, maonyesho ya picha au ngoma iliyoandaliwa vyema, sharti kwanza atie mkono mfukoni. Asiye na kiingilio hubaki nje ya mlango, hata kama hadithi inayochezwa humo ndani ni yake mwenyewe. Ndiyo sababu twatoa shauri leo kwamba liwepo tamasha la sanaa la kila mwaka katikati ya jiji la Nairobi, lisilotoza kiingilio, na kwamba Chuo Kikuu cha Nairobi kiwe mhimili wake. Tunalo neno pia juu ya namna ya msaada huo, kwani upo msaada unaojenga na upo msaada unaofunga mikono.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni geni kwa chuo kikuu. Si geni hata kidogo. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliunda pamoja na mwalimu wao David Cook kikundi cha maigizo cha kusafiri. Walizunguka Uganda na kuvuka mpaka hadi Kenya, wakicheza michezo mifupi kwa Kiingereza, Kiswahili, Kiganda na lugha nyinginezo, wala hawakumtoza mtazamaji hata senti moja. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kikaanzisha kikundi cha namna hiyo mwaka 1974. Vijana wale hawakungoja mwananchi apande ngazi za chuo. Walimfuata alipo, wakamwonyesha kwa lugha anayoielewa.

Lakini historia hiyo ina ukurasa mwingine, nao haufai kurukwa. Mapema mwaka 1982 kikundi cha Kamĩrĩĩthũ kutoka Limuru kilitarajia kuonyesha mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o, Maitũ Njugĩra, katika Ukumbi wa Taifa wa Maigizo. Kibali hakikupatikana, na milango ya ukumbi ikafungwa. Mazoezi yakaendelea katika ukumbi wa Chuo Kikuu, jirani na hapo, nao wananchi wakaja kwa maelfu kuyatazama mazoezi hayo bila malipo. Baadaye amri ikatolewa, na mlango wa Chuo Kikuu nao ukafungwa. Mwezi Machi wa mwaka huo jukwaa la wazi ambalo wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ walikuwa wamelijenga kwa mikono yao likabomolewa.

Mambo mawili yadhihirika katika kisa hicho. La kwanza ni kwamba madai kuwa wananchi wa kawaida hawapendi maigizo hayana msingi. Hamu ipo, kinachokosekana ni mlango ulio wazi. La pili ni kwamba mlango unaofunguliwa kwa hisani waweza kufungwa kwa neno moja. Wala tusidhani kwamba hayo yamepita pamoja na zama zake. Mwezi Aprili 2025, katika tamasha la kitaifa la maigizo huko Nakuru, wasichana wa shule ya Butere waliondoka jukwaani bila kuuonyesha mchezo wao, Echoes of War, na polisi wakafyatua gesi ya kutoa machozi.

Tunafahamu vyema kwamba vyuo vyetu vikuu vimelemewa na madeni, na kwamba mwaka 2024 wahadhiri waligoma wakidai haki zao. Mtu mwenye busara aweza kuuliza: je, ni haki kugharimia ngoma ilhali mwalimu hajalipwa? Swali hilo ni la haki, na jawabu letu ni kwamba hatudai fedha zilizotengwa kwa mishahara. Chuo Kikuu kina mali ambayo haihesabiwi kwa shilingi peke yake. Kina kumbi ambazo huwa tupu wakati wa likizo. Kina wanafunzi wa fasihi, wa usanifu na wa muziki ambao huhitaji kazi halisi ili wahitimu. Kina walimu wenye ujuzi. Isitoshe, kimekaa katikati ya jiji. Bustani ya Jeevanjee, ambayo A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji mwaka 1906, iko mwendo mfupi tu kutoka Chuo Kikuu. Fedha taslimu zitakazohitajika zaweza kutafutwa kwa serikali ya kaunti na kwa wafanyabiashara wa katikati ya jiji, ambao bila shaka watanufaika na umati utakaokuja.

Hata hivyo, twaweka masharti matatu. Kwanza, neno "bure" lihusu mtazamaji, lisimhusu msanii. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Itakuwa aibu iwapo fundi wa jukwaa na mwenye kuleta viti watalipwa, kisha mpiga zeze aambiwe kwamba ametangazwa jina. Pili, uteuzi wa kazi za kuonyeshwa ufanywe na kamati ya wasanii na walimu, na kanuni zake ziandikwe na kutangazwa mapema, ili asiwepo mfadhili wala afisa atakayeweza kuufuta mchezo kwa simu ya usiku. Tatu, Kiswahili na lugha zetu nyingine zipewe nafasi ya mbele, zisiwekwe mwishoni kama kiburudisho cha kuagana.

Mwananchi husikia habari za Chuo Kikuu hasa wakati wa migomo na wakati wa kodi. Si ajabu basi akikiona kuwa jumba la wengine, ingawa kodi yake ndiyo inayokilisha. Siku moja ya kuketi kwenye nyasi za Jeevanjee na mwanawe, akitazama kazi ya vijana aliosaidia kuwasomesha, yaweza kumwonyesha kilichomo ndani ya ua ule kuliko hotuba nyingi za mahafali. Twauomba uongozi wa Chuo Kikuu uanze na siku hiyo moja, na uilinde.