Umbali wa Mpanda ni Ratiba

Mtu akiitazama ramani ya Tanzania ataona kwamba Mpanda na Unguja zimekaa karibu katika mstari mmoja, moja upande wa Ziwa Tanganyika, nyingine katika Bahari ya Hindi. Kati yao kuna kilometa 900 hivi. Ndege ya Dash 8 Q400, yenye viti 76, inaweza kuzimaliza kwa muda wa saa mbili au pungufu.

Hata hivyo, mtumishi wa Serikali anayehamishiwa Katavi, au mfanyabiashara wa Visiwani anayekwenda huko, haihesabu safari hiyo kwa saa. Huihesabu kwa siku. Sababu ni nini?

Tuuchukue mfano wa karibu zaidi, yaani Mpanda na Tabora. Kwa ndege ni kilometa 240 hivi. Ndege ndogo ya abiria kama 12 haihitaji zaidi ya saa moja. Kwa barabara ya Koga, ambayo sasa imewekwa lami, msafiri hupita zaidi ya kilometa 340. Kwa reli hana budi kusafiri kilometa 210 hivi hadi Kaliua, kwa njia iliyofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, ndipo aendelee Tabora. Kwa hiyo ndege ndiyo njia fupi kupita zote. Lakini ufupi huo una maana gani ikiwa siku ya safari ndege haipo?

Ndugu zetu wa Visiwani wanalielewa jambo hili bila kufundishwa. Kutoka Unguja hadi Pemba ni dakika 30 hivi angani. Lakini aliyekosa nafasi, au aliyezuiwa na upepo bandarini, anajua kwamba kisiwa kilicho karibu kinaweza kuwa mbali kuliko nchi ya kigeni. Mpanda nayo, ingawa imezungukwa na misitu wala si maji, ni kama kisiwa.

Tunakubali kwamba ndege haiwezi kuruka ikiwa na viti vitupu. Lakini abiria naye hawezi kuizoea safari asiyoweza kuitegemea. Kila mmoja akimngoja mwenzake, uwanja utabaki mtupu. Tunaona kwamba mwenye wajibu wa kuanza ni yule mwenye ndege, na Serikali haina budi kumsaidia.

Kwanza, siku za safari zipangwe na ziheshimiwe, hata zikiwa chache. Pili, pale ambapo abiria hawatoshi, itumike ndege ndogo badala ya kuifuta safari. Tatu, saa za kufika Dar es Salaam zioanishwe na ndege na boti za Zanzibar, ili msafiri asilazimike kulipia malazi njiani.

Katavi ilifanywa mkoa mwaka 2012 ili huduma ziwe karibu na wananchi. Mgonjwa anayepelekwa hospitali kubwa, na ofisa anayeitwa kikaoni, hawapimi ukaribu huo kwa kilometa. Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Wahusika wasiwangojeshe wananchi zaidi.