Buti Jipya na Kisigino: Tuache Kuvumilia

Katika sehemu zetu ipo imani iliyoenea kwamba buti jipya lazima liume kwanza, na kwamba mwenye nalo hana budi kuvumilia mpaka kiatu "kikubali" mguu. Sisi wauguzi, ambao huwapokea watu hao baadaye wakichechemea, tunasema imani hiyo si ya kweli. Kati ya ngozi ngumu iliyotoka kiwandani na kano ya binadamu, mara nyingi kinachoshindwa kwanza ni kano. Na kano ikishaumia, haiponi kwa siku mbili tatu.

Huenda wengine wakaona jambo hili ni dogo. Lakini kwa mtu wa Chimala mguu ndio gari lake. Upande mmoja tuna bonde la Usangu na mashamba yake ya mpunga, ambako ardhi ni tambarare. Upande wa pili umesimama mlima, na barabara ya kupanda Matamba yenye kona 57, hata watu wakaiita Hamsini na Saba. Huko juu ndiko uwanda wa Kitulo, wenye kimo cha mita zipatazo 2,600 kutoka usawa wa bahari, ambao tangu mwaka 2005 ni Hifadhi ya Taifa. Hivyo mtu aweza kununua mabuti leo huku chini, na kesho akapanda nayo mlimani akiwa na mzigo kichwani au begani. Siku moja tu kama hiyo yatosha kumweka nyumbani majuma kadhaa, naye huenda ndiye tegemeo la familia nzima.

KINACHOUMIA NI NINI?

Papasa nyuma ya mguu wako, juu kidogo ya kisigino. Utashika kitu kigumu kama kamba nene. Hiyo ndiyo kano ya kisigino, ambayo ni kubwa na imara kuliko kano zote mwilini. Inaunganisha nyama za shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Madaktari huiita kwa jina la Achilles, shujaa wa hadithi za Wayunani wa kale, ambaye mwili wake wote haukudhurika kwa silaha isipokuwa kisigino. Kati ya kano hiyo na mfupa kuna kifuko kidogo chenye majimaji, ambacho kazi yake ni kupunguza msuguano. Sehemu ya kano iliyo vidole viwili hadi vinne juu ya kisigino hupata damu kidogo tu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupona polepole.

Buti jipya hudhuru mahali hapo kwa njia kadhaa. Kwanza, ukingo wake wa nyuma ni mgumu na huibana kano kila unapopiga hatua. Pili, buti likiwa kubwa, kisigino hupanda na kushuka ndani yake na kusuguliwa kutwa nzima. Mabuti ya mpira, ambayo hayana kamba, hufanya hivyo zaidi. Tatu, likifungwa kwa kukaza mno, kifundo cha mguu hakipindi vizuri. Nne, aliyezoea viatu vyenye kisigino cha juu kidogo akivaa ghafla vyenye soli bapa, kano yake huvutwa kuliko ilivyozoea. Ongeza hapo mlima, ambapo kisigino hushuka chini kuliko vidole, na mzigo wa viazi au mbao, nawe utaelewa kwa nini kano hulalamika.

TUTAMBUE AINA YA MAUMIVU

Lengelenge, yaani malengelenge ya maji juu ya ngozi, kila mtu analijua. Usilitumbue kwa mwiba wala kwa sindano ya kushonea. Lioshe kwa maji safi na sabuni, lifunike kwa kitambaa safi, na kama limepasuka hakikisha kwamba umekwisha kuchanjwa chanjo ya pepopunda.

Kano iliyoumia huwa ngumu asubuhi unapoamka, hulegea kidogo ukitembea, kisha huuma tena baada ya kazi. Ukiiminya kwa vidole inauma, na pengine imevimba. Maumivu yaliyo chini ya kisigino, yanayochoma katika hatua za kwanza za asubuhi, ni ya utando wa unyayo, nayo mara nyingi huletwa na soli nyembamba. Mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayelalamika visigino baada ya kucheza mpira huenda anaumia mahali mfupa unapokua. Huyo asiambiwe ni mvivu. Apumzishwe na aangaliwe viatu vyake.

Yapo mambo ya kukuleta hospitalini siku ileile. Ukisikia kama umepigwa teke au jiwe nyuma ya mguu, na baada ya hapo huwezi kusimama kwa ncha za vidole, huenda kano imekatika. Shavu la mguu likivimba na kuwa la moto, usingoje. Nawe mwenye kisukari, au uliyewahi kuugua ukoma na nyayo zako hazina hisia, wewe hutasikia kiatu kinapokuuma. Kila jioni angalia miguu yako kwa macho au mwombe mwenzako akuangalie, maana kidonda kidogo cha buti kimewafikisha wengine kwenye kukatwa mguu.

TIBA ZINAZOONGEZA MADHARA

Tunawasihi wasomaji waache kukanda kano iliyovimba kwa nguvu na kwa maji ya moto sana, na kuchanja kwa wembe. Wengine hudai sindano ichomwe palepale panapouma. Dawa za aina ya kotisoni zikichomwa ndani ya kano zaweza kuidhoofisha hata ikakatika.

Lipo pia kosa la kununua dawa dukani bila kupimwa. Siprofloksasini, ambayo wengi huinunua kwa tumbo au kwa mkojo, ni ya kundi la dawa linalojulikana kudhuru kano. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza pakiti za dawa hizo zibebe onyo kali kuhusu jambo hilo. Hatari ni kubwa zaidi kwa waliozidi miaka 60 na wanaotumia dawa za kotisoni. Kwa hiyo ukianza kuumwa kano unapoitumia, mwone mganga mara moja ili akupe ushauri wa dawa nyingine.

LA KUFANYA

Nunua kiatu alasiri, kwa maana miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Vaa soksi zilezile utakazofanyia kazi. Pima miguu yote miwili ukiwa umesimama, uchague kwa ule ulio mkubwa, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Tembea ndani yake; kisigino kisipande na kushuka ovyo. Ukimnunulia mtoto aliye mbali, achorewe nyayo zake zote mbili kwenye karatasi, kwa sababu namba peke yake hudanganya. Kwa viatu vya mtumba, angalia soli. Ikiwa imelika upande mmoja, kiatu hicho kimekwisha kujifunza mwendo wa mtu mwingine.

Kisha kizoeshe. Siku tatu za kwanza kivae nyumbani nusu saa hadi saa moja. Siku zinazofuata kivae kwenda sokoni au shamba la karibu. Baadaye tembea saa mbili bila mzigo, halafu na mzigo mwepesi, na mlima uwe wa mwisho. Majuma mawili yatosha kwa mabuti mengi. Ngozi ipakwe mafuta na ukingo wa nyuma ulainishwe kwa mikono. Usilowanishe kiatu ukakianika karibu na moto, kwa maana ngozi itakauka na kuwa ngumu kuliko mwanzo. Fundi viatu naye aweza kuweka kipande laini nyuma. Tena usione haya kubeba viatu vya zamani unapoanza safari ndefu.

Ikiwa umekwisha kuumia, acha mlima na mizigo kwa muda, vaa ndala au kiatu kisichogusa nyuma ya kisigino, na weka kitambaa cha maji baridi dakika 15 mara kadhaa kwa siku. Kipande cha soli chenye unene wa sentimita moja, kikiwekwa chini ya kisigino katika viatu vyote viwili, hupunguza mvuto wa kano. Parasetamoli kwa kipimo chake yafaa kwa maumivu.

Maumivu yakipungua, mazoezi ndiyo dawa kubwa. Mwaka 1998 daktari Mswidi Håkan Alfredson na wenzake walitoa taarifa ya zoezi ambalo leo linajulikana duniani kote: simama kwenye ngazi kwa sehemu ya mbele ya miguu, nyanyuka kwa mguu mzima, kisha shuka polepole kwa mguu mgonjwa. Hufanywa mara 15, kwa awamu tatu, goti likiwa limenyooka na tena likiwa limepinda, mara mbili kwa siku, kwa majuma 12. Ikiwa maumivu yako ni pale kano inaposhika mfupa, fanya hivyo sakafuni bila kushusha kisigino chini ya usawa.

MAONI YETU

Hatusemi watu watembee peku. La hasha! Kiatu hutukinga na funza, safura, miiba, pepopunda na meno ya nyoka. Tunalosema ni kwamba kiatu kisichomtosha mtu hakimkingi.

Kwa hiyo lawama zisimwangukie mwenye mguu peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Lakini kumwaga rundo la mabuti ya saizi mbili tatu mbele ya vibarua asubuhi ya kuanza kazi si kutimiza wajibu. Kila mtu apimwe, apewe buti lake majuma mawili kabla. Vivyo hivyo wanaowaajiri wapagazi na waongozaji wa watalii. Kule Kilimanjaro lipo shirika la Moshi linalowaazima wapagazi mabuti na nguo za mlimani bila malipo. Sisi hatuoni sababu ya jambo hilo kutoigwa huku Kitulo. Walimu nao wampe ruhusa mwanafunzi mwenye kidonda cha kisigino aingie darasani na ndala siku chache, badala ya kumrudisha nyumbani.

Tunajua jibu la wengi: fedha hakuna, mtu hununua kilichopo. Ni kweli. Lakini kupima mguu hakuna bei, kuchora unyayo hakuna bei, na kuvaa kiatu nusu saa nyumbani hakuna bei. Chenye bei ni majuma ya palizi au mavuno yanayopotea mkulima akiwa amekaa kwenye kigoda, mguu juu ya gogo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Maumivu ya siku ya kwanza ndiyo ufa wenyewe. Siku hiyo vua buti, angalia kisigino, upumzike. Huo si ulegevu hata kidogo.