Malindi Ibaki Malindi

Barabara ya kurukia ndege ya uwanja wa Malindi ina urefu wa takriban mita 1,400. Mpango wa kuirefusha hadi kilomita 2.5 umezungumzwa miaka nenda miaka rudi, sambamba na fidia ya wenye mashamba wanaopakana na uwanja. Siku lami ikikamilika, atatokea mwanasiasa na jina mfukoni. Toleo hili linataka kumtangulia.

Hoja yake inajulikana: majina hubadilishwa ili kufuta ukoloni. Ingekuwa hivyo, mhariri angekuwa wa kwanza kupiga makofi. Lakini orodha yenyewe inasema vingine. Embakasi, uwanja uliofunguliwa 1958, ulipewa jina la Jomo Kenyatta baada ya Mzee kufariki 1978, na Embakasi halikuwa jina la gavana yeyote. Ule wa Unguja uliwahi kuitwa Kisauni, jina la mahali palepale. Tangu 2010 ni Abeid Amani Karume. Port Reitz ya Mombasa ndiyo kweli ilibeba jina la afisa wa Uingereza, Luteni John Reitz, aliyefariki 1824. Lilipoondolewa, likawekwa la Moi, naye akiwa Ikulu. Na Wilson? Mnamo 1962, Uhuru ukiwa mlangoni, uwanja wa Nairobi Magharibi ulipewa jina la Florence Wilson, aliyeanzisha kampuni yake ya ndege 1929. Hadi leo halijaguswa. Waliopoteza, basi, ni wenyeji wa Embakasi na Kisauni.

Abiria anayeshuka Mombasa atazame karatasi iliyofungwa kwenye begi lake: MBA. Zanzibar ni ZNZ. Dar es Salaam ni DAR, ingawa uwanja ni wa Julius Nyerere. Malindi ni MYD. Mzigo husafiri kwa jina la mji.

Watakaompendekeza Mekatilili wa Menza wanastahili jibu la heshima. Mwaka 1913 aliwahimiza Wagiriama kukataa kodi na kazi za kulazimishwa, akakamatwa na kupelekwa uhamishoni magharibi mwa Kenya, akatoroka, akarudi kwao. Bustani ya Uhuru mjini Malindi ilipewa jina lake 2012, na sanamu yake imesimama humo, mahali ambapo mtoto wa shule anaweza kufika bila tiketi. Hapo ndipo panapomfaa. Uwanja nao una jina lenye historia ya kutosha: wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415, miaka 83 kabla Vasco da Gama hajatia nanga hapa. Hakuna mheshimiwa wa leo anayeweza kuliongezea hadhi.

Kurasa za ndani zina makala ya kituo cha roketi cha Ngomeni, ambako setilaiti Uhuru ilirushwa 12 Desemba 1970, na ambacho zamani kiliitwa San Marco na sasa kinaitwa kwa jina la Mwitaliano Luigi Broglio. Ipo pia makala fupi ya uwanja wa Manda, Lamu.

Katiba ya 2010 inadai wananchi washirikishwe. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ikiletewa jina jipya, iitishe kikao Malindi na kingine Magarini, kwa Kiswahili na Kigiriama, kabla fundi hajachora kibao.