Goli moja la Misri laacha swali Kolwezi: pesa ya shaba iko wapi katika mpira wa vijana?

Ilikuwa saa saba usiku kwa saa za Kolwezi, kuamkia Jumatatu Oktoba 20, 2025, wakati vijana wa Morocco walipoingia uwanjani Santiago, Chile, kucheza na Argentina fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 20. Walishinda 2-0, magoli yote mawili yakifungwa na Yassir Zabiri. Waliokesha na simu mkononi katika mitaa ya Manika na Dilala walishangilia kama Waafrika. Wakongomani wenyewe hawakuwa na timu pale.

Safari ya Leopards vijana ilikuwa imekatika miezi mitano kabla, huko Misri. Jumatatu Mei 12, katika robo fainali ya Kombe la Afrika, RDC ilifungwa na Afrika Kusini 1-0. Kila mshindi wa robo fainali alipewa tiketi ya Chile, kwa hiyo goli lile moja liliondoa mashindano mawili kwa mpigo. Ingekuwa mara ya kwanza kwa wavulana wa RDC kufika Kombe la Dunia la umri huo. Wasichana walishafika mara mbili, Urusi mwaka 2006 na Chile yenyewe mwaka 2008, jambo ambalo ni wachache wanaolitaja.

Mtu anaweza kusema ni bahati mbaya, na atakuwa na hoja. Kundi lilikuwa gumu: Ghana, Senegal na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Vijana walilivuka. Waliowatoa ndio waliotwaa kombe siku sita baadaye kwa kuifunga Morocco 1-0. Kushindwa na bingwa kwa goli moja si aibu. Lakini bahati inaeleza mechi moja tu. Kombe la Dunia la vijana limekuwepo tangu 1977, na mpaka leo nchi kubwa kama hii haijawahi kupeleka timu ya wavulana.

Kolwezi inalo jambo la karibu zaidi la kujilinganisha nalo kuliko Morocco. Ng'ambo ya mpaka, Zambia inachimba shaba ya ukanda uleule. Machi 2017 Zambia ilitwaa Kombe la Afrika la vijana jijini Lusaka kwa kuifunga Senegal 2-0. Miezi michache baadaye, Korea Kusini, ikaitoa Ujerumani 4-3 na kuanguka robo fainali mbele ya Italia, 3-2 katika muda wa nyongeza. Katika kikosi kile walikuwemo Patson Daka, Fashion Sakala na Enock Mwepu. Jina Mwepu halihitaji kuelezwa Katanga: Mwepu Ilunga wa Mazembe alikuwa na Zaïre kwenye Kombe la Dunia la 1974.

Ni kweli Daka na Mwepu walilelewa Kafue Celtic, mbali na migodi. Lakini Daka alipotafuta mahali pa kucheza na watu wazima akiwa bado kijana, alipitia Nchanga Rangers ya Chingola na Power Dynamos ya Kitwe, klabu zilizosimama kwa pesa ya migodi na ya umeme wa migodi. Kitwe, Chingola, Mufulira, Luanshya: kila mji wa shaba ulikuwa na klabu yake, na kila klabu ilikuwa na kijana aliyesubiri zamu.

Wazee wa Kolwezi wanaujua mpango huo. Enzi za Gécamines, kampuni ndiyo ilikuwa shule, hospitali na uwanja wa mpira. Gécamines ilipoporomoka miaka ya 1990, uwanja uliporomoka nayo. Kampuni zilizokuja baadaye, KCC, Mutanda, Sicomines, COMMUS, Kamoa na TFM kule Fungurume, zilikuja kuchimba. Hakuna aliyezitaka zirithi na mpira.

Hata hivyo kusema hakuna pesa si kweli tena. Sheria ya madini ya 2018 inagawa redevance hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa komini, sekta au chefferie ambamo mgodi upo, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hiyo, kampuni inatakiwa kutenga walau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, mbali na ahadi za cahier des charges. Pesa hizo zinaamuliwa karibu na wananchi, si Kinshasa.

Kolwezi ina uwanja wa Manika, ina AS Simba na Blessing. Uwanja unaonekana kwenye picha, unakatiwa utepe. Ligi ya watoto wa miaka 13 haikatiwi utepe. Inahitaji mipira, waamuzi, usafiri wa Jumamosi, kocha anayelipwa kila mwezi na muuguzi kando ya uwanja, mwaka hadi mwaka. Bila ligi ya namna hiyo, kijana wa Kasulo mwenye kipaji anafika miaka 15 akiwa hajacheza mashindano yenye rekodi, na shimo la creuseurs liko nyuma ya nyumba likimwita. Shimo linalipa jioni ileile.

Rekodi nayo ni mali. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akiuzwa nchi ya nje kabla mkataba wake haujaisha, 5% ya bei inagawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Klabu ndogo iliyokuwa naye kuanzia miaka 12 hadi 17 inastahili 2%. Kwa mauzo ya dola milioni moja, hiyo ni dola 20,000, kiasi kinachoweza kuendesha timu ya mtaa misimu kadhaa. Lakini hailipwi klabu ambayo haikumsajili mtoto. Kipaji kinaondoka kama madini ghafi, na thamani inaongezwa kwingine.

Karatasi ndiyo mlango wa pili. Mtoto anatakiwa kuandikwa etat civil ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, familia inaenda mahakamani kutafuta hukumu. Wengi hawaendi. Ndiyo maana umri wa vijana wetu unabishaniwa, na ukanda wa Afrika ya Kati una kidonda hicho tayari: Januari 2023 wachezaji 21 kati ya 30 wa Kameruni walikataliwa kwenye timu ya chini ya miaka 17 baada ya kupimwa mfupa wa mkono. Meya anayeandikisha watoto wa komini yake anafanyia mpira kazi kubwa kuliko anayenunua jezi.

Wapo watakaouliza: maji ya kunywa je? Mitaa inayokula vumbi la malori? Wako sahihi kuuliza, na mpira hauwezi kutangulia kisima. Wala pesa ya migodi si ya kuaminiwa kila mwaka. Kobalti ilizuiwa kuuzwa nje tangu Februari 22, 2025, na kuanzia Oktoba 16 mwaka huo ikafunguliwa kwa mgawo tu, tani 18,125 hadi mwisho wa 2025. Zambia nayo ilionja hayo: migodi ilipobadilisha wenyewe, baadhi ya klabu zake zilishuka daraja. Hiyo ndiyo sababu ya kuiweka ligi ya watoto chini ya komini na entente, kwa bajeti inayosomwa hadharani, badala ya kuitundika kwenye ukarimu wa mkurugenzi mmoja.

Leopards wakubwa walicheza barrage na Kameruni Novemba 13, 2025 nchini Morocco, wengi wao wakiwa wamezaliwa au kulelewa Ulaya. Kombe lijalo la Dunia la chini ya miaka 20 ni la 2027, kwa waliozaliwa kuanzia Januari 1, 2007. Walio wakubwa kabisa kati yao walikuwa na miaka 18 mwaka 2025, na mchujo wa Afrika ya Kati hufanyika kabla ya kombe hilo.