Walioapa ni Wengi, Wanaotajwa ni Wachache

Kila tarehe 20 Oktoba viongozi wetu husimama majukwaani kuwasifu mashujaa. Humtaja Kimathi, huwataja wale sita wa Kapenguria, kisha watu huenda zao. Sisi wa Nakuru twauliza: mbona akina mama wa Olenguruone hawatajwi?

Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilianza kuwapeleka huko maskwota Wakikuyu. Walipowekewa masharti ya kilimo na kuambiwa kuwa wao ni wapangaji tu, walikataa. Wakala kiapo cha umoja. Na jipya katika kiapo hicho ni kwamba waliapishwa wanaume, wanawake na watoto pia. Mazao yao yakaharibiwa, nyumba zikachomwa. Kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengi wakapelekwa Yatta. Lakini kiapo kilikuwa kimekwisha kuenea katika mashamba ya walowezi wa Bonde la Ufa, hata kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa mwaka 1952.

Vita vilipoanza, wapiganaji wa msituni waliishi kwa chakula, dawa na habari walizopelekewa na wanawake. Familia nzima zilirundikwa katika kambi za Nakuru na Gilgil, zikingoja kurudishwa kwa nguvu Mkoa wa Kati. Maelfu ya wanawake walifungwa Kamiti. Naye Muthoni wa Kirima, aliyefariki mwaka 2023, alipigana msituni hadi akapata cheo cha Fildi Mashali.

Wala Uhuru si mali ya kabila moja. Makhan Singh, Mhindi, alidai Uhuru hadharani mwaka 1950, akazuiliwa zaidi ya miaka kumi. Pio Gama Pinto, Mgoa, aliwekwa kizuizini mwaka 1954. Ndiku Mutua na Paulo Nzili, Wakamba, walisimama pamoja na Jane Muthoni Mara kuishtaki serikali ya Uingereza huko London, hata mwaka 2013 ikakubali kuwalipa fidia wahanga 5,228. Twayasema haya kwa makusudi, hapa ambapo jirani alimwaga damu ya jirani mwaka 1992 na tena mwaka 2008.

Kusahau huku kuna gharama. Asiyehesabiwa vitani hahesabiwi wakati wa kugawana. Baada ya 1963, mashamba ya makazi mapya yaliandikishwa kwa kawaida kwa jina la mume. Mke aliyekula kiapo kilekile akabaki mgeni katika shamba alilolilima. Katiba ya 2010 ilikataza ubaguzi huo, ikaagiza pia kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Bunge lilipuuza, hata mwaka 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kitabu cha Waamuzi hakikuficha kwamba Sisera aliangushwa na Yaeli, wala kwamba Baraka alikataa kwenda vitani bila Debora. Kanisa letu lisiwe na haya kuliko Maandiko. Kila parokia na kila ushirika uwatafute wazee, wake kwa waume, walio hai bado. Uandike majina yao na waliyotenda, na kuyasoma hadharani Siku ya Mashujaa. Na mwanasiasa ajapo kuomba kura, aulizwe kwanza: hati za mashamba na viti vya Bunge, akina mama wamepata fungu gani?