Hitilafu Isiyosemwa

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu ni kweli, lakini umeacha jambo moja: daftari nalo huweza kuugua. Likiugua na watu wakanyamaza, hupotea mali, na pamoja na mali hupotea jina jema la mtu.

Katika mtaa wa Jericho, mashariki ya Nairobi, nilikuwa mwanachama wa chama cha kuweka akiba. Mweka hazina wetu, mama muuza nafaka, aliacha daftari la karatasi akatumia programu ya hesabu katika kompyuta. Programu hiyo ilikuwa huria. Maana yake, msimbo wake u wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuusoma, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Siku ya kugawana faida ilipofika, programu ilizimika ghafula kila alipojaribu kuchapa taarifa za mwaka. Aliiwasha mara tatu. Mara tatu ilizimika. Minong'ono ikaanza. Baadhi walisema kwamba kompyuta imekataa. Wengine, kwamba mama amekula fedha.

Kompyuta imekataa! Neno hili nalipinga kwa nguvu zangu zote. Kompyuta haina kinyongo wala uvivu. Ikizimika mara moja, yamkini ni ajali. Ikizimika kila mara kwa hatua zile zile, ina sababu, na sababu hutafutwa. Fundi wa magari wa Kariobangi hatosheki kuambiwa kwamba gari limekufa. Huuliza: lilikufa wapi, mlimani au tambarare? Injini ilikuwa baridi au moto?

Kijana mmoja wa shule ya sekondari aliuliza vivyo hivyo. Alichapa taarifa ya mwanachama mmoja mmoja. Zote zilitoka, ila za wale ambao majina yao yana ng', kama Ng'ang'a na Nyang'au. Alipoondoa ritifaa, taarifa ilitoka. Alipoirudisha, programu ilizimika. Siri ikafichuka. Katika lugha itumiwayo kuamuru hifadhi za data, ritifaa ni alama ya kufungua na kufunga maneno. Programu ilikuwa imelichanganya jina na amri. Ilipofika kwenye ritifaa ilidhani jina limekwisha, ikapotea njia.

Mzee mmoja alishauri majina yaandikwe bila ritifaa ili kazi iendelee. Ushauri huo ulikuwa rahisi, na ulikuwa mbaya. Jina la mtu halikatwi ili lipendeze mashine. Tena hitilafu ingebaki palepale, ikimngoja mweka hazina mwingine wa Kayole au Kisumu. Waliotunga programu hawakuijaribu kwa majina kama yetu. Kama sisi wenye majina hayo hatusemi, nani atasema?

Kijana akaandika ripoti. Alitaja toleo la programu, hatua moja baada ya nyingine, jambo alilotazamia na jambo lililotokea. Hakupeleka hesabu za chama, kwa kuwa ni siri za watu. Alitunga daftari la majaribio lenye majina mawili ya kubuni. Kwa kufuata hatua hizo watunzaji wa programu waliiona hitilafu kwa macho yao, wakairekebisha: tangu hapo jina lilipelekwa mbali na amri. Toleo jipya lilipotoka taarifa zilichapwa, fedha zikaonekana kamili, na mama akarudishiwa heshima yake.

Wako wasemao kwamba haya ni mambo madogo. Na watazame Uingereza. Kati ya 1999 na 2015 wasimamizi wa vituo vya posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu wa hesabu, kwa sababu ya tarakimu za programu iitwayo Horizon. Msimbo wake haukuwa wazi. Wengi waliolalamika waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye shida. Baadhi walifungwa, baadhi walifilisika. Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba programu ilikuwa na hitilafu zilizoweza kuzua upungufu wa fedha usiokuwapo, na mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria ya kufuta hukumu hizo. Haki ilikuja, lakini wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Hata hivyo tusijidanganye. Msimbo kuwa wazi si dawa peke yake. Mlango wazi haumfai asiyeingia. Programu huria isiyoripotiwa makosa yake hudhuru kama ile iliyofungwa, na anayeiona hitilafu akanyamaza ana sehemu katika hasara ya jirani yake.

Basi, ewe kijana, kitu kikiharibika mbele yako usikimbilie kukiwasha upya, wala kumshuku aliyekishika. Kirudie, kichunguze, kisha andika ulichokiona kwa maneno ambayo mgeni ataweza kuyafuata. Kosa si aibu. Aibu ni kulijua na kulificha.